Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuseti diski kwenye BIOS

Natengeneza kompyuta Sinza, Dar es Salaam. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa mezani kwangu, kwa simu, na zaidi usiku kwa WhatsApp, mtu akishaingia BIOS, ile programu inayoamka kabla ya Windows, na kukuta menyu ya bluu asiyoielewa. Maneno unayoyaona kwenye skrini nimeyaacha kama yalivyo, ili uyatambue ukiyakuta.

Nikibadilisha seti za diski kwenye BIOS, kompyuta itakuwa na kasi?

Kwa baadhi ya mashine, ndiyo. Kwa nyingi, hapana. BIOS haiwezi kuipa diski kasi ambayo haina. Inachoweza ni kuacha kuibana. Diski ngumu ya laptopu inayozunguka mara 5,400 kwa dakika itabaki hivyo hata uisetie nini. Mzunguko mmoja unachukua kama milisekunde 11, na kwa wastani data unayoitaka iko nusu mzunguko mbele. Ongeza muda wa kichwa cha kusomea kusogea hadi kwenye mstari wake. Ukifungua Windows, ambayo inasoma vifaili vidogo vidogo maelfu, subira hizo ndizo zinazojumlishana hadi unakwenda kunywa chai unarudi bado kinazunguka kiduara.

Mahali BIOS inapohusika kweli ni pale mtu ameshaweka SSD nzuri (diski isiyo na kitu kinachozunguka), halafu mashine inaiendesha kwa seti za mwaka arobaini na saba. Hapo unakuta ameongeza na RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, bure.

BIOS na UEFI ni kitu kimoja?

Kazi ni ileile: programu iliyo kwenye chipu ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), inayoamka kabla ya Windows, inakagua vifaa kisha inakabidhi usukani. BIOS ilikuja na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. UEFI ndiyo iliyoirithi, na ndiyo iliyo kwenye karibu kila mashine ya miaka ya karibuni. Mtaani zote tunaziita BIOS, na hapa nitafanya hivyohivyo.

Naingiaje?

Zima kabisa, washa, halafu gonga kitufe mfululizo kabla nembo haijapotea. HP ni F10, au Esc kwanza. Dell ni F2. Acer F2. Asus F2 au Del. Lenovo za ThinkPad ni F1, nyingine F2, na baadhi zina kitundu kidogo cha Novo ubavuni kinachobonywa kwa pini.

Kama mashine inawaka haraka mno hata kidole hakiwahi, ingia Windows, shikilia Shift huku ukibofya "Restart", kisha fuata "Troubleshoot", "Advanced options", "UEFI Firmware Settings". Njia hii haipo kwenye mashine zilizosetiwa kwa mtindo wa zamani, lakini hizo kwa kawaida zinawaka taratibu, kitufe utakiwahi tu.

Kabla sijagusa chochote nifanye nini?

Toa simu, piga picha kila ukurasa wa BIOS kabla ya kubadilisha hata kimoja. Mtu akinipigia akisema "fundi, nimebadilisha kitu, sikumbuki kipi", najua kazi imekuwa ndefu.

Pili, nakili faili zako mahali pengine. Tatu, na hili wengi hawalijui: laptopu nyingi za Windows 11 zinafunga diski zenyewe kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, mara tu unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukigusa seti za BIOS, zikiwaka zinaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Kama akaunti ilifunguliwa na aliyekuuzia laptopu pale Kariakoo, uko kwake. Kwa hiyo hakikisha unaujua, au simamisha BitLocker kwa muda ukiwa ndani ya Windows, ndipo uende BIOS.

Kuna IDE, AHCI na RAID. Nichague ipi?

Hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo tulikalishe.

IDE ni lugha ya zamani. BIOS inaitumia ili diski ya SATA (aina ya muunganisho wa diski na mazabodi) ijifanye ya kizamani, kwa faida ya mifumo kama Windows XP ambayo haikuja na draiva, yaani programu za kuendeshea kifaa, za AHCI. Kwa lugha hiyo diski inapokea amri moja, inaimaliza, ndipo inapewa nyingine.

AHCI ni utaratibu uliotolewa na Intel mwaka 2004 kwa ajili ya SATA. Unairuhusu diski kupokea hadi amri 32 kwa pamoja na kuzipanga yenyewe. Chukua bodaboda aliyebeba mizigo minne kutoka Posta: wa kwanza kupewa ni wa Ubungo, wa pili Magomeni, wa tatu Kimara, wa nne Manzese. Wa IDE atakwenda Ubungo, arudi Magomeni, aende Kimara, arudi tena Manzese. Wa AHCI anaangalia mizigo yote, anaanza Magomeni, anapita Manzese, Ubungo, anamalizia Kimara. Pikipiki ileile, siku imeokoka. Kwa diski inayozunguka faida inaonekana pale programu nyingi zinapoisumbua kwa pamoja. Kwa SSD, ambayo haina kichwa cha kusogeza na inaweza kushughulikia amri kadhaa kwa wakati mmoja, kuiacha kwenye IDE ni kuinyima haki yake.

RAID ni kwa ajili ya kuunganisha diski mbili au zaidi zifanye kazi kama moja. Ukiwa na diski moja huna cha kuunganisha, na mashine itafanya kazi vizuri tu kwa kuwa ndani yake AHCI bado ipo. Ila utasumbuka siku ya kupiga (kusakinisha) Ubuntu, mfumo mwingine badala ya Windows, maana mara nyingi haitaiona diski. Mashine nyingi za Dell hutoka kiwandani zikiwa "RAID On", kwa hiyo usishtuke ukiikuta hivyo.

Jibu langu: diski moja, AHCI. Ukikuta tayari iko RAID, Windows imeshapigwa na inakwenda vizuri, iache. Na kama mashine ina diski mbili zilizounganishwa kweli kwa RAID, usiguse kabisa, utapoteza data.

Seti hiyo iko wapi?

Dell: "System Configuration", kisha "SATA Operation". HP za ofisini za zamani: "Storage", "Storage Options", "SATA Emulation". ThinkPad za zamani: "Config", kisha "Serial ATA". Laptopu nyingi za nyumbani hazionyeshi chaguo hili kabisa, na hiyo si kasoro. Ziko AHCI tayari.

Unaweza pia kuhakikisha bila kuingia BIOS. Fungua "Device Manager", tazama "IDE ATA/ATAPI controllers". Ukiona "Standard SATA AHCI Controller", funga, nenda kaendelee na kazi zako.

Nimeweka AHCI, sasa Windows inatoa skrini ya bluu na kujizima. Nimeua diski?

Hujaua kitu. Maandishi hayo, "INACCESSIBLE BOOT DEVICE", maana yake Windows imeamka ikakuta mlango umebadilishwa kitasa na yenyewe imeshika ufunguo wa zamani. Rudi BIOS, rejesha seti ya mwanzo, itawaka kama jana.

Kisha fanya hivi kwa Windows 8, 10 au 11. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msconfig, nenda "Boot", weka alama kwenye "Safe boot". Washa upya, na kabla Windows haijaanza ingia BIOS, weka AHCI, hifadhi. Windows itaamka kwa hali ya dharura, na katika kuamka huko itachukua draiva sahihi yenyewe. Rudi msconfig, ondoa ile alama, washa upya. Kazi imekwisha, dakika kumi tu. Angalizo moja: hakikisha unaijua nywila yako halisi, maana hali ya dharura inaweza kuikataa PIN.

Kwa Windows 7, ambayo bado naiona kwenye mashine za maduka, utaratibu ni tofauti. Kabla ya kugusa BIOS, fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Services, msahci, na "Start" uiandike 0. Ndipo ubadilishe.

Sijabadilisha chochote, lakini asubuhi mashine imegoma na skrini ya bluu ileile. Imekuwaje?

Angalia betri.

Kuna mama ana steshenari maeneo ya Mwenge. Kompyuta yake ni ya mezani, ya mtumba, nilimpigia Windows mwenyewe nikaiweka AHCI. Usiku mmoja umeme ukakatika, asubuhi mashine ikawa inawaka, bluu, inazima, inawaka. Akaambiwa na mtu wa kwanza kuwa diski imekufa, atafute nyingine. Akanijia mchana na diski imekunjwa kwenye bahasha ya kaki. Nikaichomeka kwenye mashine yangu: faili zote zipo, tasnifu za wanafunzi zilizosubiri kuchapwa zipo.

"Mama, diski ni nzima. Niletee mashine."

"Mwanangu, mimi sijagusa kitu."

Kweli hakugusa. Nilipoiwasha tarehe ilikuwa Januari mosi ya miaka mingi nyuma, na seti ya diski ilikuwa imejirudia yenyewe kwenye RAID, kama ilivyotoka kiwandani. Betri ile ya duara kwenye mazabodi, CR2032, inatakiwa iwe na volti 3. Nilipoipima ilisoma 1.4.

Kwenye mashine nyingi za zamani, seti za BIOS zinakaa kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, inakula umeme wa ukutani hata ukiwa umeizima. Umeme ukikatika, betri peke yake ndiyo inayobaki kulinda kumbukumbu hiyo; ikiwa imechoka, seti zinafutika. Ndiyo maana tatizo linajitokeza asubuhi baada ya umeme kukatika, na watu wanadhani umeme ndio uliochoma diski. Mashine mpya zaidi zinatunza seti kwenye chipu isiyohitaji umeme, hizo betri ikifa inapotea saa tu.

Betri hiyo haifiki bei ya chipsi mayai. Ukinunua kompyuta ya mtumba, ibadilishe siku hiyohiyo bila kusubiri dalili.

Napiga Windows kwenye laptopu mpya, inasema haioni diski yoyote.

Kama ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 au zaidi, mshukiwa wa kwanza ni kitu kinaitwa VMD. Kinasimama kati ya Windows na SSD, na flashi yako ya kupigia Windows mara nyingi haina draiva yake. Una njia mbili. Ya kwanza, pakua draiva ya Intel RST kutoka ukurasa wa kampuni iliyotengeneza laptopu, ifungue uiweke kwenye flashi, na ukifika kwenye orodha tupu ya diski bofya "Load driver". Ya pili, ingia BIOS uzime VMD, halafu pigia upya.

Mimi napenda ya pili kwa mashine yenye SSD moja. Lakini ifanye tu kama unapiga upya. Ukizima VMD kwenye laptopu yenye Windows inayotumika, utaiona bluu tuliyoizungumza hapo juu.

SSD ya M.2 nimeichomeka imeingia vizuri, lakini BIOS haiioni.

Kuingia si kukubaliwa. Umbo la M.2 lina ndugu wawili wanaofanana: anayezungumza SATA na anayezungumza NVMe, lugha mpya zaidi iliyotengenezwa kwa ajili ya SSD. Kuna nafasi inayowapokea wote, na kuna inayompokea mmoja tu. Soma kilichoandikwa kwenye karatasi ya SSD, kisha tafuta modeli kamili ya mashine yako uone nafasi yake ni ya nani. Fanya hivyo kabla ya kununua, kwa sababu kurudisha mali dukani baada ya kufungua pakiti unajua mwenyewe inavyokuwa.

Tofauti yao kwa kasi ni kubwa. SATA ya tatu inaishia kama megabaiti 550 kwa sekunde. NVMe ya kawaida ya PCIe 3.0 (njia ya mazabodi ambayo NVMe inapitia) inafika 3,500 hivi. AHCI ina foleni moja ya amri 32, wakati NVMe, iliyotoka mwaka 2011, inaruhusu foleni zaidi ya 65,000. Kwa kuandika barua na kufungua intaneti tofauti hiyo hutaiona sana. Kwa anayehariri video za harusi, ataiona siku ya kwanza.

Mambo mengine mawili. Kwenye baadhi ya mazabodi za mezani, ukichomeka M.2, soketi moja au mbili za SATA zinazimika, kwa hiyo diski ya zamani "ikipotea" ihamishie soketi nyingine kabla ya kulia. Na mashine nyingi za Intel za kizazi cha 4 kurudi nyuma haziwezi kuanzia kwenye NVMe hata ukiichomeka kwa adapta. BIOS yake haimjui huyo mgeni.

Soketi ya SATA ninayochomeka ina tofauti?

Kwa SSD, ndiyo. Kwa diski inayozunguka, hapana. SATA ya kwanza inapitisha kama megabaiti 150 kwa sekunde, ya pili 300, ya tatu 600. Diski ya laptopu inayotoa 100 hivi haijazi hata ile ya kwanza. SSD ukiichomeka kwenye ya pili unaikata karibu nusu. Mazabodi nyingi za zamani zina zote mbili, zikitofautishwa kwa rangi au kwa maandishi madogo pembeni.

Hapo ndipo wengi wanakosea kwenye laptopu: wanatoa kisoma DVD, wanaweka SSD kwenye kibebeo mahali pake, diski ya zamani wanaiacha palepale. Kwenye laptopu nyingi za zamani njia ile ya DVD ni nyembamba zaidi. Fanya kinyume: SSD ikae nafasi kuu, diski ya kuhifadhia ihamie kwenye kibebeo.

Mashine inakaa muda mrefu kwenye skrini nyeusi kabla ya Windows. Ni diski?

Mara nyingi ni mpangilio wa kuanzia. Mashine zilizotoka maofisini Ulaya huja zikiwa zimeambiwa zianze kutafuta mtandao wa ofisi, kisha DVD, kisha USB, mwisho diski. Zinasimama pale zinapiga hodi kwenye seva iliyobaki Ulaya. Ingia "Boot", weka diski yenye Windows ya kwanza, zima kuanzia kwenye mtandao. Washa na "Fast Boot" ukipenda. Inaruka ukaguzi wa vifaa kadhaa. Siku ukitaka kupiga Windows kwa flashi na mashine ikaidharau, kumbuka ni wewe uliyeiambia iruke.

Legacy au UEFI?

UEFI, kama mashine inayo. Legacy, yaani mtindo wa BIOS ya zamani, inakwenda na mpangilio wa diski uitwao MBR, ambao haufiki mbali zaidi ya terabaiti 2.2, ukiweka diski ya terabaiti 4, karibu nusu yake hutaitumia. UEFI inakwenda na GPT, mpangilio mpya usio na kikomo hicho. Windows 11 inadai UEFI, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo swali hili limekuwa la kila wiki.

Usibadilishe seti peke yake, mashine haitawaka. Geuza diski kwanza. Windows 10 kuanzia toleo 1703 inayo amri ya kufanya hivyo bila kufuta: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS, ikikubali andika mbr2gpt /convert /allowFullOS, halafu ndipo uende BIOS uweke UEFI. Ikikataa kwenye hatua ya kwanza, usilazimishe.

BIOS inaniambia "SMART" na namba 301. Nizime hiyo taarifa?

Usizime. SMART ni diski kujipima afya yake. Kwenye HP, 301 ni diski inajitangazia msiba yenyewe. Kuna mafundi wanaizima taarifa ili mteja aondoke akifurahi, na mteja anarudi baada ya mwezi bila picha za mtoto wake. Ukiiona, usipige Windows, usifanye defrag (kupanga upya data ndani ya diski), usiiwashe washe kujaribu. Nakili data kwanza, mengine baadaye.

Niweke nywila ya diski kwenye BIOS?

Hapana, isipokuwa una sababu nzito na mahali salama pa kuiandika. Nywila hiyo inaingia ndani ya diski yenyewe. Kuchomoa betri hakuifuti, na kuihamishia mashine nyingine hakusaidii. Nimeshamrudishia mtu diski nzima kabisa kiafya, nikamwambia sina la kufanya.

Kusasisha BIOS kunasaidia?

Kama SSD mpya haitambuliki na mtengenezaji ameandika kwamba toleo jipya linatibu hilo, ndiyo. Kwa kuhisi tu, hapana. Umeme ukikatika katikati mazabodi inaweza isiamke tena. Laptopu iwe na chaji na chaja imechomekwa. Ya mezani iwe kwenye UPS ambayo umeijaribu kwa kuichomoa ukutani. Mvua ikiwa imeanza kujikusanya, ahirisha.

Nina mashine ya waya mpana ule wa bapa, wa diski za kabla ya SATA. Nayo inasetiwa?

Hakikisha waya ni wa nyuzi 80. Ule wa 40 unaishia megabaiti 33 kwa sekunde. Zaidi ya hapo, iache ipumzike.

Nimefanya yote haya, bado ni nzito.

Fungua "Task Manager", uitazame safu ya "Disk" kwa dakika mbili baada ya kuwasha. Ikikaa kwenye asilimia 100 wakati hujafungua kitu, na "Performance" inakuandikia HDD (diski inayozunguka), BIOS imeshamaliza kazi yake. Inatakiwa SSD, hata ndogo, na diski ya zamani ibaki ya kuhifadhia. Windows yako inaweza kunakiliwa ilivyo, programu zako na kila kitu, bila kupiga upya. Ukiileta kwangu, njoo na chaja na uwe unaikumbuka nywila. Bila hivyo viwili tutakaa tunatazamana.